Nyumba Iliyohamishiwa Ng'ambo ya Mto

Benchi lilikuwa ubao mmoja mrefu uliong'olewa kwenye lori bovu, ukalazwa juu ya mawe mawili mbele ya kibanda cha fundi viatu, pale barabara ya sokoni inapokatana na ile ya hospitali. Upande mmoja ulikuwa umebonyea, kwa hiyo aliyekaa huko aliteremka polepole mpaka akamgusa jirani yake, na maneno ya kijiwe hicho yalianza hivyo, watu wakiwa wamebanana. Mwenye kibanda alikuwa mtu wa miaka sitini na mitatu, vidole vyeusi kwa rangi ya viatu, na kwa kuwa ujana wake wote ulinuka gundi, jina lake likawa Gundi. Hata mkewe alimwita hivyo siku akiwa na furaha. Kulia kwake alikaa Stempu, aliyestaafu posta baada ya kupanga barua za watu kwa miaka thelathini, na ambaye hakuwahi kuamini kwamba barua yoyote inasema inachosema. Kushoto alikaa Breki, dereva ambaye lori lake lilikuwa gereji tangu mvua zilizopita, mtu aliyezijua nchi za watu kwa vizuizi vyao vya barabarani. Kahawa ilikuwa ya Mama Birika. Yeye hakai. Husimama na birika mkono mmoja na vikombe mkono wa pili, akisikiliza kama mtu asiyesikiliza.

Jumanne hiyo, saa za kufunga, Gundi alijiwa na binti wa marehemu kaka yake. Alikuwa karani wa masjala pale hospitalini, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye mazoea ya kunyoosha makaratasi ya watu hata asipoombwa. Gundi alimpenda. Mtoto wa kaka ni mtoto wako, hana jina jingine. Karani alimwamkia baba yake mdogo, akaketi kwenye kigoda cha wateja, akafungua kompyuta ndogo ya kukunja juu ya magoti yake, katikati ya viatu visivyo na soli.

Alikuwa anaandika ukoo. Baba yake alipofariki mwaka jana aliacha daftari la majina, na majina yote hayo Karani alikuwa ameyaingiza kwenye programu ya kutunza kumbukumbu za familia. Gundi aliinama akatazama. Babu yake alikuwa juu kabisa, na chini yake watoto, na wajukuu, kila mtu na kisanduku chake. Akajiona na yeye, kisanduku cha kijani, mwaka wake wa kuzaliwa umeandikwa sawasawa. Alicheka kwa raha.

Kisha Karani akabonyeza mahali, ramani ikatokea, na raha ikapungua. Alieleza kwamba kila aliyezaliwa amezaliwa mahali, na kila aliyezikwa amezikwa mahali, na programu inataka kujua wapi ili iweke alama. Shida ni kwamba vijiji vyenye jina la kijiji chao ni vitatu, na programu ilijichagulia yenyewe. Ndiyo sababu babu yao alionekana amezaliwa katikati ya ziwa, katika nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga, na bibi yao kaolewa mbele ya kiwanda cha saruji.

— Jina peke yake halitoshi, baba mdogo. Nataka mahali hasa. Nyumba ilipokuwa, kisima, makaburi. Mtu asimame pale pale, simu isome namba, niziandike.

Gundi aliuliza namba gani. Karani akasema ni namba mbili ndefu, na kwamba kila mahali duniani pana zake, hazifanani na za kwingine. Mumewe ndiye aliyemfundisha kuzisoma.

Hapo Gundi aliacha kusugua kiatu. Mumewe Karani alikuwa mpima ardhi.

Mpango ulikuwa waende Jumamosi, yeye Karani, Gundi, na shangazi yake, yaani dada mkubwa wa Gundi, ambaye magoti yalikuwa yamemchoka lakini safari hiyo alisema haimpiti. Gundi alitoa udhuru. Shule zinafunguliwa, viatu vimemjaa mpaka mlangoni. Karani akasema si neno, basi amchoree tu njia. Alipokuwa anakunja kompyuta yake aliongeza jambo moja, kwa sauti ya chini kidogo.

— Na yule mdogo wenu wa mwisho, aliyefariki mchanga. Mstari wake uko mtupu kabisa. Shangazi anasema wewe ndiye unayejua alipozikwa.

Gundi alijibu kwamba atalifikiria.

Asubuhi yake alilipeleka benchini, kama watu wanavyopeleka maumivu ya jino, akidai anasimulia tu. Breki alisubiri mpaka mwisho.

— Mumewe kazi gani?

— Mpima ardhi.

— Ahaa.

Ile ahaa ikakaa kwenye benchi kama mtu wa nne.

Stempu ndiye aliyeifungua. Alisema yeye ameona mengi, na mtu akianza kuulizia makaburi usimtazame usoni, mtazame miguuni, uone inaelekea wapi. Gundi akamkumbusha kwamba huyu si mtu baki, ni mtoto aliyembeba mgongoni, na mwaka wa juzi alipolazwa ni yeye aliyemletea dawa kila asubuhi.

— Kaburi ni hati, alisema Stempu. Tena kuliko hati. Hati inaliwa na panya, inabadilishwa jina. Kaburi nani atalibadilisha jina? Ukisimama mbele ya wazee ukasema hapa amelala babu yangu, umemaliza kesi.

— Na ni babu yake kweli, alisema Mama Birika, akimimina.

— Ndiyo hatari yenyewe.

Gundi hakuwa amekanyaga kijiji hicho kwa zaidi ya miaka hamsini. Baba yao alipata kazi mjini, akawahamisha wote, shamba likabaki mikononi mwa rafiki yake, na wazee walipokufa habari zikakatika. Lakini kila siku ya Mungu Gundi alisema kwetu. Kwetu kuna maji matamu. Kwetu nitarudi nikafie. Hakuwa na hata kipande cha karatasi cha kuonyesha, ila neno hilo alilitunza vizuri, na sasa aliona kuna mtu anataka kulitia kwenye mashine.

Breki alisema wahenga walishamaliza: mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hapo maana yake nini? aliuliza Gundi.

— Maana yake mgeni akija, mwenyeji akapone kwingine.

Stempu akauliza udongo wa huko una rangi gani. Gundi akasema mwekundu. Akauliza kama unametameta. Gundi alifikiri, akasema mvua ikinyesha, ndiyo, kwenye mifereji unametameta kidogo. Stempu aliweka kikombe chini taratibu kama mtu anayeweka yai. Alieleza kwamba hakuna mtu anayepanda gari siku nzima kwa ajili ya mtoto aliyekufa miaka hamsini na nne iliyopita. Watu wanapanda gari kwa ajili ya kilicho chini ya mtoto huyo. Mpima anajua kupima, karani anajua kuandika. Kilichobaki ni mtu wa kuwaonyesha. Na wahenga walisema mficha uchi hazai.

— Kwa hiyo nifichue? aliuliza Gundi.

— Wewe umeshazaa. Ufichue ya nini tena?

Breki hakutaka kubaki nyuma. Alisimulia kwamba wakati fulani, kwenye mpaka ambao hakuutaja, alisimamishwa na askari waliokuwa na karatasi yenye namba hizo hizo, mbili, ndefu. Kombora, alisema, halijui majina ya vijiji. Linajua namba. Stempu akauliza ni nani atakayetupa kombora makaburini. Breki akasema hajui, lakini wafu ndio watu pekee wasioweza kulalamika.

Siku ya pili nadharia zilikuwa zimenenepa. Stempu alikuja na mpya kutoka posta, kwamba katika miaka yake thelathini aliona marehemu wakipokea barua kuliko walio hai. Marehemu akishajulikana anakaa wapi, basi ana anwani. Mwenye anwani anaweza kuandikishwa chochote. Anaweza kupiga kura, kuwa mkurugenzi wa kampuni, kusaini kwamba ameuza shamba lake mwenyewe akiwa amelala ndani yake. Breki akasema huenda kuna watu ng'ambo wanaokusanya wafu kwa jumla, kijiji kwa kijiji, haba na haba hujaza kibaba, na siku kibaba kikijaa walio hai wote watakuja kuambiwa wahame. Walisema hayo bila kucheka. Mama Birika alikusanya vikombe vyake.

— Huyo karani ni mtoto wenu, alisema. Mnamjadili kama mwizi wa kuku.

 Gundi alikuwa na msumari mdomoni na kichwani mwake mlikuwa na watu wengi. Mchana huo alikumbuka mambo ambayo kabla hayakuwa na maana: kwamba Karani alitaja makaburi mara mbili, kisima mara moja, kwamba mumewe hakuja mwenyewe, kwamba alipomuuliza namba gani, alijibu haraka. Ukishavaa miwani ya kijani, hata maziwa yanakuwa ya kijani. Akawauliza wenzake afanyeje, maana akikataa kuchora, binti atajua kwamba kuna kitu anakificha.

— Njia ya mwongo ni fupi, alisema Breki. Basi wewe mpe ndefu. Hakuna atakayekushuku.

Alichora siku hiyo hiyo, kwenye upande wa ndani wa kifuniko cha boksi la viatu, kwa kalamu nene ya kuwekea alama soli. Alianza sawa. Akaweka kituo cha mabasi, shule, njia ya mbuzi inayotelemka, mto. Kabla ya mto njia inagawanyika, na tawi la kushoto ndilo linalokwenda kwao, hatua kama mia tatu, bila kulowesha unyayo. Mkono wake ulitaka kwenda kushoto wenyewe. Ilibidi aushikilie. Akachora daraja la magogo, akavuka, akaipandisha nyumba ya baba yake ng'ambo, chini ya mlima ambao utotoni walikatazwa kuukaribia. Kisima akakiweka. Mahali pa mtoto akaandika: chini ya jiwe kubwa. Mlimani hapakosi jiwe kubwa.

Karani alipokipokea kifuniko kile alikipokea kwa mikono miwili, akakifunga kwenye mtandio wake kisije kikachubuka. Alimwambia kwamba amemwandika yeye kuwa chanzo. Katika programu ile kila mahali pana nafasi ya kuandika nani kasema, kwa sababu habari isiyo na mwenyewe ni uvumi. Ameandika: chanzo ni baba mdogo, alikulia hapo.

Gundi alicheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali.

Jumamosi alishona viatu kumi na vinne. Breki alimuuliza mara mbili kama wameshaondoka, akasema wameondoka alfajiri. Jumatatu, kahawa ya kwanza ikiwa bado inafuka, simu ya Gundi ililia. Mikono yake ilikuwa imejaa gundi mbichi, kwa hiyo Breki ndiye aliyebonyeza, na kwa kuwa ni Breki akabonyeza na kitufe cha sauti kubwa. Benchi zima likasikia.

Karani alishukuru kwanza. Alisema ramani ya baba mdogo iliwafikisha, daraja bado lipo ingawa magogo mawili yameoza. Shangazi aliteleza pale, goti likavimba, ikabidi ambebe mgongoni mpaka ng'ambo. Walitafuta nyumba wakakosa hata tofali, lakini jiwe kubwa walilipata. Shangazi alikaa chini ya jiwe hilo karibu saa nzima akipapasa ardhi, akapanga vijiwe vya duara. Namba zimesomwa. Zimeshaingia.

— Ila kuna jambo, baba mdogo. Shangazi hakupatambua. Njia nzima alikuwa ananivuta kushoto, anasema kwetu ni huku, hatuvuki. Nikamwonyesha ramani yako. Akaitazama, akanyamaza. Tangu turudi hasemi vizuri. Anasema ubongo wake umeanza kuondoka, kwamba kama amesahau kwao basi kesho atasahau na majina ya watoto wake. Leo asubuhi ameniomba nimwandikie majina yao kwenye karatasi, aiweke chini ya mto wa kulalia. Nimeona nikuambie.

Breki alibonyeza simu ikazimika. 

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema, kwa mazoea tu.

— Huyu alisikia la mdogo wake, alisema Mama Birika.

Stempu aliona aokoe jahazi. Alisema bado hawajui. Huenda hadithi ya goti na karatasi ni mbinu ya kumlainisha Gundi aseme mahali penyewe, kwani posta aliwahi kuona barua za namna hiyo, zenye machozi mpaka kwenye bahasha. Alizungumza kwa ufasaha, na Gundi alitamani sana kumwamini. Wiki iliyopita angemwamini. Lakini alimjua dada yake. Yule mama alikuwa anakumbuka bei ya sare yake ya darasa la kwanza, alikumbuka mbuzi kwa majina. Kumbukumbu ndiyo iliyokuwa mali yake pekee ambayo haikuguswa na uzee, na yeye Gundi ameiingilia kwa kalamu ya soli.

Siku mbili zilizofuata alikuwa mtu wa kukosea. Alimpigilia mwalimu mmoja visigino viwili visivyolingana. Alishika simu ampigie dada yake, akaiweka. Angeanzia wapi? Neno nilikosea lilikuwa karibu, dogo, linaingia mfukoni. Angeweza kusema mkono uliteleza. Lakini mkono haukuteleza. Aliushikilia.

Alhamisi, jua likiwa limeanza kuwaka, dada yake alikuja mwenyewe. Alitelemka barabara ya hospitali kwa fimbo, goti limefungwa bendeji nene, Karani akimshika kiwiko. Alikuwa ametoka kumwona daktari kuhusu kichwa chake. Wanaume wa benchi waliinuka wote, ubao ukalia. Wakamkalisha upande usiobonyea. Hakuna aliyewahi kumwona hapo. Alikuwa mtu wa kwake. Alipokea salamu zote, akavitazama viatu vilivyopangwa, akasema kazi ipo. Kisha akamgeukia ndugu yake.

— Mdogo wangu, nimekuja kukuuliza kitu kimoja tu. Usinionee huruma. Tulipokuwa tunatoka shule kwenda nyumbani, tulikuwa tunavuka mto au hatuvuki?

Stempu, aliyekuwa na jibu la kila barua, alitazama ndani ya kikombe chake. Breki, aliyepita mipaka yote, alijikuna shingo, akasema mito siku hizi inahama. Yule mama alimsubiri amalize kwa adabu, kisha akarudisha macho pale pale.

Gundi alikuwa ameshika kiatu cha mtoto. Alikiweka chini.

— Hatukuvuka, dada.

— Hatukuvuka.

— Hatukuvuka hata siku moja. Kwetu ni kushoto, kabla ya mto. Mimi ndiye niliyeihamisha nyumba. Nilijua ninachofanya.

 Dada mtu hakumtazama Karani wala benchi. Alishusha pumzi ndefu, mabega yake yakashuka nayo, na cha ajabu uso wake ulianza kufunguka kama wa mtu aliyeambiwa kwamba mgonjwa amepona.

— Basi mimi ni mzima, alisema.

Alirudia tena, kwa sauti ya chini, kama anajiambia peke yake. Hasira ilikuja baadaye, na haikuwa na kelele. Alimuuliza kwa nini, na Gundi akamweleza yote mbele ya wenzake, kuhusu mpima, na kaburi kuwa hati, na udongo unaometameta. Kila alilolitaja lilikuwa linapungua likitoka mdomoni. Alipofika kwenye kombora sauti ikamwishia. Stempu alikuwa ameshaondoka. Alikumbuka dawa yake ya macho. Breki alibaki, kichwa chini, akichokonoa ubao kwa kucha.

Karani alisema, bila kumtazama baba yake mdogo, kwamba mumewe hata hakijui kijiji hicho kiko upande gani. Aliyetaka safari ile ni shangazi. Shangazi ndiye aliyeona mstari mtupu kwenye kompyuta siku anaonyeshwa ukoo, akauliza mbona wote wana mahali ila huyu. Siku mtoto alipokufa yeye alikuwa chumbani anamshikilia mama yao aliyekuwa mgonjwa, na kaka yao alikuwa shule ya mbali. Aliyetoka na baba ni Gundi.

Hapo Gundi alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema hata kwa mkewe. Alisema alikuwa na miaka tisa, na ni yeye aliyembeba, kwa sababu baba alibeba jembe. Kwa miaka yote amesema kwetu kwetu, na hakurudi, na alijiambia ni nauli, ni kazi. Wenzake walipomletea sababu ya kutokupaonyesha, hakuipima. Aliipokea kama mwenye kiu.

Dada yake alinyoosha mkono akavishika vile vidole vyeusi. Hakusema amemsamehe. Alisema Jumamosi waende, na safari hii atatangulia yeye. Mama Birika alimpa kikombe, akainamisha birika mpaka likatoa matone ya mwisho, na kahawa ya siku hiyo ikawa imeishia kwake.

Walikwenda watatu. Kwenye njia panda ya kabla ya mto dada mtu alikata kushoto bila kusimama, fimbo mbele, goti asilijali. Alikuwa anataja vitu kabla havijaonekana: hapa pana mteremko, hapa pana kichuguu. Kichuguu hakikuwepo, ila mteremko ulikuwepo.

Mahali pa nyumba palikuwa na nyumba nyingine, ya bati, na mwanamke mjane aliyekuwa analima mbele yake. Aliwaona watatu wanakuja, mmoja na simu mkononi, akasimama wima na jembe lake. Hakuwakaribisha.

— Mmetumwa na nani?

Gundi aliijua sauti ile. Alikuwa ameitumia majuma mawili. Alivua kofia.

— Hatukutumwa, mama. Tulizaliwa hapa. Shamba ni lako, hatulitaki. Kuna mtoto wetu amelala upande ule, nimemleta dada yangu asimame hapo kidogo, kisha tunaondoka.

Mwanamke aliwatazama mmoja mmoja, akamaliza kwenye bendeji. Hakuamini yote, hilo lilionekana, lakini alisogea. Akawafuata nyuma hatua mbili, jembe halijatoka mkononi.

Gundi alipita nyuma ya nyumba, akakitafuta kisima, akakikuta kimefunikwa kwa bati na mawe. Alikipa mgongo, akauangalia ule mlima wa ng'ambo ya mto, akatembea. Hakuhesabu hatua. Alitembea kama mtu aliyebeba kitu, mikono imejikunja yenyewe mbele ya kifua, mpaka kwenye sehemu isiyo na mti wala jiwe, majani tu. Akasimama.

Dada yake alikaa chini pale pale, kwa taabu, mguu mmoja umenyooka. Hakulia. Aliweka kiganja juu ya majani akakiacha hapo. Mwenye shamba alipoona hivyo aliliegemeza jembe begani, akageuka akatazama upande mwingine.

Karani aliinua simu, akasubiri namba zitulie. Alisema lile eneo la ng'ambo ameshalifuta, na chanzo atamwandika baba mdogo tena, akikubali. Gundi akakubali kwa kichwa. Namba zikatulia. Karani akasema simu inadai imekosea labda kwa mita nne, na mita nne kwenye programu si kitu.

Gundi alimshika mabega. Akamsogeza hatua moja kushoto, kisha nusu hatua mbele, akatazama miguu yake, akamrudisha nyuma kidogo.

— Mita nne ni nyingi, alisema. Alikuwa mfupi kuliko mkono wangu huu. Simama hapa.